Kutafuta njia fupi kwa algoriti ya A*: mwongozo kwa mfano wa barabara za Mbeya na Makete

Lori lililopakia mbolea Mbeya mjini na kuelekea Makete lina njia zaidi ya moja mbele yake. Linaweza kupita Uyole, likapanda Isyonje na kukatiza uwanda wa juu kupitia Kikondo; linaweza kufuata barabara kuu ya Tanzania na Zambia hadi Chimala, kisha likapanda kona 57 za kwenda Matamba; na linaweza kuzunguka kabisa kwa Igawa, Makambako na Njombe. Dereva mzoefu huamua bila kushika kalamu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuiwezesha kompyuta iamue vilevile, tena ikiwa na uhakika kwamba hakuna njia fupi zaidi iliyoachwa, kwa kutumia algoriti, yaani utaratibu wa hatua kwa hatua wa kutatua tatizo, iitwayo A*, ambayo hutamkwa A-nyota.

Algoriti hii ilichapishwa mwaka 1968 na Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael, waliokuwa wakifanya kazi katika Stanford Research Institute huko California, ambako palikuwa na mradi wa roboti aliyeitwa Shakey aliyetakiwa kujitafutia njia ndani ya vyumba. Miaka 9 kabla yake, mwaka 1959, Edsger Dijkstra wa Uholanzi alikuwa amekwisha kuchapisha algoriti ya kutafuta njia fupi, lakini ya kwake husambaa pande zote kwa usawa bila kujali lengo liko upande gani. A* iliongeza jambo moja, nalo ni kadirio la umbali uliobaki. Kadirio hilo huitwa heuristiki, na kwa maoni yangu ndilo linalostahili muda mwingi zaidi wa mwanafunzi, kwa sababu mzunguko wenyewe wa algoriti ni mfupi na hubadilika kidogo sana kutoka tatizo moja hadi jingine.

Ninashauri zoezi hili lifanywe kwanza kwa mkono, kwenye karatasi, kabla ya kugusa kompyuta. Mwanafunzi anayeanza kwa kunakili programu hupata jibu, lakini hawezi kueleza kwa nini jibu hilo ni sahihi.

Hatua ya kwanza: chora mtandao na uweke gharama

Andika kila mji au njiapanda kama kituo, kisha unganisha vituo vinavyofikiana moja kwa moja na uandike gharama ya kila kipande cha barabara. Kwa kuanzia, gharama iwe kilomita. Namba ninazotumia hapa nimezikadiria na kuzisawazisha kwa ajili ya zoezi, ili hesabu ifanyike kichwani. Anayepanga safari ya kweli atumie vipimo vya barabara yenyewe.

Mbeya hadi Uyole ni kilomita 10. Kutoka Uyole kuna matawi mawili: Isyonje kwa kilomita 25, na Chimala kwa kilomita 65. Kutoka Isyonje unaweza kwenda Tukuyu kwa 35 au Kikondo kwa 30, na kutoka Kikondo hadi Makete ni 65. Upande wa pili, Chimala hadi Matamba ni 25 na Matamba hadi Makete ni 65. Chimala hadi Igawa ni 40, Igawa hadi Makambako ni 55, Makambako hadi Njombe ni 60, na Njombe hadi Makete ni 110. Barabara ya Tukuyu kuelekea Kyela nimeiacha nje ya mchoro, hivyo Tukuyu kwetu ni kituo kisicho na mlango wa pili.

Hatua ya pili: tengeneza heuristiki

Kwa kila kituo tunahitaji namba moja inayokadiria umbali uliobaki hadi Makete. Njia ya kawaida ya kuipata ni kulegeza sharti moja la tatizo. Lori la kweli linafuata barabara. Sasa jiulize, kama sharti hilo lingeondolewa na lori likaruka angani kama ndege, lingekwenda umbali gani? Jibu ni mstari ulionyooka, na mstari ulionyooka hauwezi kuwa mrefu kuliko barabara yoyote inayounganisha sehemu hizo mbili.

Kuupima si kazi ngumu. Nyanda za Juu Kusini ziko karibu na nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, na katika eneo hilo nyuzi moja ya latitudo ni takriban kilomita 111 huku nyuzi moja ya longitudo ikiwa takriban kilomita 110. Chukua tofauti ya latitudo na tofauti ya longitudo kati ya kituo na Makete, zigeuze kuwa kilomita, kisha tumia kanuni ya Pythagoras: jumlisha miraba yake na utafute kipeuo cha pili. Kwa umbali wa kiasi hiki, kosa linalotokana na mviringo wa dunia ni dogo mno kuathiri zoezi. Ukisawazisha namba, sawazisha kwa kushusha, usipandishe kamwe. Sababu yake itaonekana katika hatua ya sita.

Makadirio yetu hadi Makete ni haya: Mbeya 85, Uyole 75, Isyonje 60, Tukuyu 55, Kikondo 45, Chimala 45, Matamba 35, Igawa 55, Makambako 80, Njombe 65, na Makete yenyewe 0.

Tazama Chimala na Isyonje. Kwa mstari ulionyooka, Chimala iko karibu zaidi na Makete. Programu inayofuata kadirio peke yake, bila kukumbuka ilikotoka, ikifika Uyole itachagua Chimala, kisha Matamba, kisha Makete, na jumla yake itakuwa 10 na 65 na 25 na 65, yaani kilomita 165. Tutaona kwamba ipo njia fupi zaidi. Utafutaji wa namna hii huitwa utafutaji wenye pupa. Ni mwepesi, na mara nyingine hutosha, lakini haukupi dhamana yoyote.

Hatua ya tatu: andaa kumbukumbu

Unahitaji orodha mbili. Ya kwanza ni ya vituo vinavyosubiri, na ya pili ni ya vituo vilivyokwisha kufunguliwa, yaani ambavyo majirani zake wamekwisha kukokotolewa. Kwa kila kituo kinachosubiri andika mambo manne: umbali uliokwisha kusafirishwa kutoka Mbeya hadi hapo, ambao vitabu huuita g, kadirio la umbali uliobaki, ambalo huitwa h, jumla ya hizo mbili, ambayo huitwa f, na jina la kituo ulikotokea. Hilo la nne wengi hulisahau, na bila hilo kompyuta itakuambia njia ina kilomita ngapi lakini haitaweza kukuambia njia yenyewe inapita wapi.

Katika programu, orodha ya wanaosubiri huwekwa katika foleni ya kipaumbele, ambayo humtoa mwenye f ndogo kwanza. Wanaotumia lugha ya programu ya Python watapata zana hiyo tayari katika moduli ya heapq.

Hatua ya nne: fungua vituo kimoja kimoja

Kanuni ni moja: katika orodha ya wanaosubiri, mtoe mwenye f ndogo kuliko wote, mfungue, kokotoa g, h na f za majirani zake, uwaingize katika orodha, kisha urudie. Jirani akiwa tayari yumo katika orodha, linganisha g mpya na ya zamani. Mpya ikiwa ndogo, ibadilishe pamoja na jina la kituo ulikotokea, na ikiwa kubwa, iache.

Tunaanza na Mbeya, ambayo g yake ni 0 na f yake ni 85. Tukiifungua tunapata Uyole yenye g 10, h 75 na f 85. Tukifungua Uyole tunapata vituo viwili vya kulinganisha kwa makini. Chimala ina g 75 na h 45, hivyo f yake ni 120. Isyonje ina g 35 na h 60, hivyo f yake ni 95. Hapa ndipo A* inapoachana na utafutaji wenye pupa, kwa sababu ingawa Chimala iko karibu zaidi na lengo, gharama ya kuifikia ni kubwa kiasi kwamba Isyonje ndiyo yenye matumaini zaidi.

Tunafungua Isyonje. Tukuyu inaingia ikiwa na g 70, h 55 na f 125. Kikondo inaingia ikiwa na g 65, h 45 na f 110. Kikondo ndiyo ndogo, tunaifungua, na Makete inaingia katika orodha ikiwa na g 130, h 0 na f 130.

Hatua ya tano: usisimame kabla ya wakati

Makete imeonekana, lakini kazi haijaisha. Kosa la kawaida kabisa katika programu za wanaoanza ni kusimama mara lengo linapoingia katika orodha ya wanaosubiri, badala ya kungoja hadi litolewe kama mwenye f ndogo. Wakati huu orodha yetu ina Chimala yenye 120, Tukuyu yenye 125 na Makete yenye 130. Maana ya 120 ya Chimala ni kwamba, kwa kadiri tunavyojua, huenda ikawapo njia ya kupitia Chimala yenye kilomita 120 tu. Hatuna haki ya kuipuuza mpaka tuichunguze.

Tunafungua Chimala. Matamba inapata g 100, h 35 na f 135, na Igawa inapata g 115, h 55 na f 170. Zote mbili zimezidi 130. Tunafungua Tukuyu, ambayo haina jirani mpya. Sasa mwenye f ndogo ni Makete, tunaitoa, na hapo ndipo tunaposimama. Kila kilichobaki katika orodha kina f kubwa kuliko 130, na kwa kuwa f haizidi gharama halisi ya njia yoyote inayopita hapo, hakuna kilichobaki kinachoweza kuishinda.

Ili kupata njia, rudi nyuma kwa majina: Makete ilitokea Kikondo, Kikondo ilitokea Isyonje, Isyonje ilitokea Uyole, Uyole ilitokea Mbeya. Geuza mpangilio huo na njia yako iko tayari, kilomita 130, pungufu ya ile ya pupa kwa kilomita 35. Makambako na Njombe hazikuguswa hata kidogo, na Matamba na Igawa hazikufunguliwa. Tulifungua vituo 6 kabla ya kuitoa Makete. Algoriti ya Dijkstra, kwa mtandao huu huu, ingefungua 8. Tofauti ya vituo viwili ni ndogo, lakini katika ramani yenye maelfu ya njiapanda tofauti hiyo hukua sana, hasa pale lengo linapokuwa upande mmoja wa ramani na njia nyingi zinaelekea upande mwingine.

Hatua ya sita: hakiki heuristiki yako

Dhamana yote niliyoieleza inasimama juu ya sharti moja: heuristiki isizidi kamwe umbali halisi uliobaki. Ikipungua, hata kwa kiasi kikubwa, jibu litabaki sahihi ingawa kazi itakuwa nyingi zaidi. Ikizidi, dhamana inaondoka.

Hebu tulione jambo hili kwa namba. Tuseme mtu anayekumbuka tope la barabara ya Isyonje anaamua kuandika kadirio la Isyonje kuwa 140 badala ya 60, ilhali umbali halisi kutoka Isyonje hadi Makete ni 95. Sasa f ya Isyonje inakuwa 175. Chimala yenye 120 inafunguliwa kwanza, kisha Matamba yenye 135, na Makete inaingia kwa njia hiyo ikiwa na 165. Katika orodha wamebaki Igawa yenye 170 na Isyonje yenye 175. Makete inatolewa, programu inasimama, na inatangaza kilomita 165 kuwa ndiyo njia fupi. Hakuna onyo lolote litakalotokea kwenye skrini. Ndiyo maana ninasisitiza kushusha wakati wa kusawazisha.

Mtu yule hakukosea kuhusu tope. Alikosea mahali pa kuliandika. Ugumu wa barabara huandikwa katika gharama ya kipande cha barabara, ambako ndiko ujuzi wa madereva unakostahili kuingia wote, na heuristiki huachwa ibaki kadirio la chini.

Lipo sharti la pili, lenye nguvu zaidi, ambalo ni vema kulitimiza: kadirio la kituo lisizidi gharama ya kwenda kwa jirani ikijumlishwa na kadirio la jirani huyo. Mbeya, kwa mfano, ina 85, na gharama ya kwenda Uyole ni 10 huku kadirio la Uyole likiwa 75, hivyo sharti limetimia bila ziada. Heuristiki ikitimiza sharti hili kila mahali, kituo kikishafunguliwa hakihitaji kufunguliwa tena. Mistari iliyonyooka hulitimiza yenyewe, isipokuwa umeiharibu wakati wa kusawazisha.

Hatua ya saba: kutoka kilomita kwenda dakika

Mwenye lori la mbolea hajali kilomita kama anavyojali muda na dizeli. Tukitaka muda, gharama ya kila kipande iwe dakika. Tuseme mvua imenyesha na lori linakwenda kilomita 15 kwa saa kati ya Isyonje na Kikondo: kilomita 30 zitachukua dakika 120, na hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye kipande hicho.

Heuristiki nayo lazima ibadilike iwe dakika, na hapa wengi huteleza kwa kugawanya mstari ulionyooka kwa kasi ya wastani. Kasi ya wastani ikiwa 40, basi kipande cha lami ambako lori hufika 80 kitakuwa kimekadiriwa kupita kiasi. Gawanya kwa kasi kubwa kuliko zote ambayo gari linaweza kufikia popote katika mtandao. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, Isyonje yenye kilomita 60 inapata dakika 45, na Chimala yenye kilomita 45 inapata dakika 33 na sehemu, ambayo tunaiandika 33. Kadirio hili ni dhaifu kwa barabara za milimani, na litafanya vituo vingi zaidi vifunguliwe, lakini halitadanganya. Masika yakiisha na barabara ikakauka, utapunguza gharama za vipande peke yake; makadirio yatabaki halali mradi hakuna gari linalozidi 80.

Pale kumbukumbu inapokwisha

Udhaifu wa kweli wa A* ni kwamba hutunza vituo vyote ilivyoviona. Kwa barabara za mikoa ya kusini hilo si tatizo. Kwa matatizo mengine ni kubwa. Chukua lile fumbo la vigae 8 vinavyoteleza ndani ya fremu ya miraba 9: lina mipangilio 181,440 inayofikika kutoka mwanzo mmoja, na kompyuta ndogo hulimaliza. Ongeza vigae viwe 15 na mipangilio inapita trilioni 10. Kwa fumbo la namna hiyo Richard Korf alipendekeza mwaka 1985 algoriti ya IDA*, ambayo huenda kwa kina ikifuata njia moja kwa wakati, huiacha njia pale f inapovuka kikomo, kisha huinua kikomo na kuanza upya. Hurudia kazi, lakini hutumia kumbukumbu kidogo sana.

Fumbo hilo pia linaonyesha vizuri tofauti kati ya heuristiki mbili halali. Unaweza kuhesabu vigae vilivyo nje ya mahali pake, au unaweza kujumlisha hatua ambazo kila kigae kingehitaji kwenda kwa safu na kwa mstari mpaka kwake. Zote hazizidi ukweli, lakini ya pili haiwi ndogo kuliko ya kwanza, hivyo iko karibu zaidi na ukweli na hufungua mipangilio michache zaidi. Ukiwa na heuristiki mbili halali na hujui ipi ni bora, chukua iliyo kubwa kati yake kwa kila kituo, itabaki halali.

Njia nyingine ya kupunguza kazi ni kuzidisha h kwa uzito, jambo ambalo Ira Pohl alilichunguza mwaka 1970. Kwa uzito wa 2 katika mtandao wetu, Chimala inapata 165, Isyonje 155, Kikondo 155 na Tukuyu 180, na Makete inatolewa ikiwa na 130 bila Chimala wala Tukuyu kufunguliwa. Jibu ni lile lile, lakini usilichukue kama kawaida: uzito wa 2 hukuhakikishia tu kwamba njia utakayopewa haitazidi mara mbili ya iliyo fupi kabisa. Ningeutumia kwa simu inayotakiwa kujibu papo hapo, wala nisingeutumia kupangia malori safari ya msimu mzima.

Hatua ya mwisho: jaribu programu dhidi ya sifuri

Ukishaandika programu, iendeshe mara mbili kwa kila jozi ya miji. Mara ya kwanza tumia heuristiki yako, na mara ya pili weka h kuwa 0 kwa vituo vyote, ambapo A* hugeuka kuwa algoriti ya Dijkstra. Urefu wa njia lazima ulingane. Usipolingana, tafuta kosa katika sehemu mbili: ama kadirio fulani limezidi ukweli, ama programu inasimama lengo linapoonekana badala ya linapotolewa. Ili kujua ni kituo gani kina kadirio lililozidi, endesha Dijkstra kinyumenyume kuanzia lengo, upate umbali halisi wa kila kituo, na uulinganishe na h yake. Kwa mtandao wetu utapata Isyonje 95 dhidi ya 60, Chimala 90 dhidi ya 45, Tukuyu 130 dhidi ya 55, Njombe 110 dhidi ya 65, na Makambako 170 dhidi ya 80.